Nani Kati Yenu Ndiye Mume?

Tembisa,
3 Machi 2013

Baba yangu Sewela,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, labda wewe na kifua chako. Nimesikia kwa Ngwako wa dukani kwamba mvua imenyesha vizuri Bolobedu na kwamba mbuzi mweusi amezaa pacha. Hongera. Mimi bado nashona sare za manesi kwa bosi yuleyule mwenye mdomo uleule.

Naandika kwa kalamu kwa sababu nikikupigia simu utapanda kile kilima kutafuta mtandao, na kilima kile kina masikio mengi kuliko mawe.

Habari yenyewe ni hii. Nkateko amejifungua mtoto wa kike, tarehe kumi na tisa Januari. Nkateko unamjua: ndiye niliyekuja naye kwenye mazishi ya mama, ukamwambia akakae na wapishi. Tulifunga ndoa ofisini mwaka juzi, nikakuandikia, hukujibu. Mtoto amembeba yeye tumboni, lakini tulimtafuta wote na ni wetu wote.

Sasa mtoto analia. Analia asubuhi, analia mchana, analia ukimbeba, ukimlaza ndiyo kabisa. Daktari haoni kitu. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima wa huko kwetu, ametuambia kitu ambacho nilikijua lakini nilikuwa naogopa kukisema: mtoto anadai jina lake. Kuna mmoja wa waliotangulia anayemtaka. Na wa kuzungumza na mizimu ya ukoo wetu ni mmoja tu, dada mkubwa wa ukoo, yaani wewe. Nakuomba, Baba. Tupangie siku tuje wote watatu.

Nkateko anakusalimu. Bado anacheka kila nikikuita Baba. Nimemweleza mara mia kwamba Sewela Ramalepe ni mwanamke aliyemwoa mama yangu kwa ng'ombe ili nyumba yao isife, kama desturi yetu inavyoruhusu, na kwamba kwa hiyo yeye ndiye baba yangu na sina mwingine. Anaelewa. Anacheka tu.

Mwanao,
Maropene

*

Bolobedu,
29 Machi 2013

Maropene,

Nimepata barua yako. Kifua kipo palepale. Pacha mmoja amekufa, kwa hiyo chukua nusu ya hongera yako. Ngwako wa dukani aache kuhesabu mbuzi wangu, ahesabu sukari anayotupunja.

Kwanza huyo mwenzako anacheka nini? Kwao Giyani hawana baba?

Sasa sikiliza. Usidhani nashangaa mwanamke kuoa mwanamke. Nishangae nini, mimi niliyemwoa Mosima mwaka wa sabini na nane kwa ng'ombe wanane, ukoo mzima ukitazama? Tangu siku ile sijashika ndoo ya maji. Nimekaa barazani na wanaume, nimeamua kesi za mipaka, nikikohoa nyumbani watoto mnanyamaza. Nilikuwa mume, na nilikuwa mume mzuri. Waulize.

Lakini nyinyi! Nimewauliza watu wanaotoka huko. Wanasema leo unapika wewe, kesho anapika yeye. Unaosha nepi wewe, anaosha nepi yeye. Eti mna zamu, kama walinzi wa benki! Makubwa haya. Hiyo si ndoa, hilo ni bweni la wasichana.

Swali langu ni moja tu: nani kati yenu ndiye mume? Kama ni wewe, peleka ng'ombe kwao, kwa kina Mabunda, mtoto awe wetu, nami nitamtaja siku hiyohiyo. Kama ni yeye, basi mtoto ni wa kwao, wakaisumbue mizimu yao. Na kama hakuna mume, mimi niende pale kaburini na ugoro wangu wa tambiko mkononi nikaseme nini? Kwamba kuna mtoto wa chupa ya kliniki, ana mama huku na mama kule, na katikati hakuna mtu? Watanitemea ugoro usoni.

Jibu swali, halafu ndiyo uniombe siku.

Ni mimi baba yako,
Sewela Ramalepe

*

Tembisa,
14 Aprili 2013

Baba,

Shikamoo. Pole kwa pacha. Huku baridi imeanza na mtoto ameota jino la kwanza, mapema mno, labda kwa hasira.

Umeuliza nani ndiye mume. Jibu ni hakuna. Sasa nikueleze kwa nini, na usiikunje barua kabla hujafika mwisho.

Wewe unajisifu hujashika ndoo tangu mwaka wa sabini na nane. Ni kweli. Ilishikwa na mama. Nilikuwa na miaka sita nikimtazama anarudi shambani na tope mpaka mapajani, anapika, anapakua, halafu anapiga magoti mbele yako na sahani kwa mikono miwili kama vile wewe ni chifu na yeye amekuja kuomba msamaha. Unakula unatazama ukuta. Yeye anasubiri. Ukimaliza anakwenda kula ukoko nyuma ya jiko. Mlikuwa wanawake wawili katika nyumba moja! Hapakuwa na mwanamume wa kuwalazimisha. Mngeweza kukaa mkeka mmoja mkacheka. Mlijifungia gereza wenyewe, ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Na hukuwahi kunibeba. Nimejaribu kukumbuka hata mara moja, sipati. Ada ulilipa, viatu ulinunua, lakini mkono wako niliujua kwa fimbo tu.

Unamcheka mtoto wetu kwamba ni wa chupa. Sisi tulipewa karatasi, tukakaa mbele ya daktari, tukaulizwa maswali. Wewe ulimwelekeza mama kwa mwanamume wa ng'ambo ya mto, akawa anaingia kwa mlango wa nyuma kwa ruhusa yako, na mpaka leo nikikutana naye sokoni sijui nimpe mkono au nimpe mgongo. Ipi ina heshima zaidi?

Sitakuwa baba wa aina hiyo. Nkateko hatanipigia magoti. Mtoto ana mama wawili na bado nakuomba jina lake.

Swali na mimi ninalo, moja. Ulimpenda mama?

Maropene

*

Bolobedu,
2 Juni 2013

Maropene,

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Uzio wa upande wa mto uliangushwa na ng'ombe wa jirani, tukashinda barazani wiki mbili, nikashinda kesi. Mzee Modume amefariki, tumemzika vizuri, ingawa wanawe walileta pombe ya dukani kwenye machupa, aibu tupu. Msichana wa jirani anayeniletea ugali ameolewa, sasa analeta mdogo wake ambaye hajui chumvi ni nini.

Barua yako imejaa matusi. Nimeisoma mara moja na hiyo inatosha. Umekuwa mkubwa, umepata cherehani, umepata mke au mume au sijui niite nini, sasa unakuja kumfundisha Sewela Ramalepe jinsi ya kula. Sahani nililetewa kwa sababu ndivyo sahani inavyoletwa. Ningemwambia mama yako asipige magoti, watu wangesema nini? Wangesema Sewela si mume, ni shoga yake tu, wanachezea ng'ombe. Ng'ombe wale wangerudishwa kwetu, na wewe ungekuwa mtoto wa nani? Umewahi kukaa ukafikiri hilo, wewe uliyesoma?

Swali lako la mwisho sikuliona. Chai ilimwagika pale.

Langu mimi halijamwagikiwa na kitu. Nani ndiye mume? Mtoto aendelee kulia, mapafu yatakomaa.

Sewela Ramalepe

*

Tembisa,
21 Julai 2013

Baba,

Shikamoo. Sina salamu ndefu leo.

Likizo ya uzazi ya Nkateko iliisha, na yule mama tuliyempata wa kumlea mtoto akaumwa mgongo. Mwezi wa sita mama yake Nkateko akasema, nileteeni mjukuu Giyani mwezi mmoja, mpumue. Tukampeleka. Jumamosi iliyopita tulikwenda kumchukua. Tukamkuta baba yake mkubwa Nkateko, Mzee Risimati, amekaa mlangoni kwenye kiti, miguu ameinyoosha tusipite.

Akasema, "Huyu ni mtoto wa binti yetu ambaye hajaolewa. Hakuna ng'ombe aliyeingia uwanjani hapa. Mtoto ni wa Mabunda, anabaki kwa Mabunda." Nkateko akamwonyesha cheti cha ndoa. Akakitazama, akaniuliza mimi kama kinakamuliwa maziwa.

Tumerudi Tembisa mikono mitupu, Baba. Tunaweza kupeleka polisi, tunaye mwanasheria mmoja anayetuambia tutashinda asubuhi moja. Lakini Nkateko hataki askari wapige hodi kwa mama yake mzazi, na mimi siwezi kumlazimisha. Maziwa yanamtoka, anayakamulia kwenye sinki. Tunasikia nyumba ilivyo kimya, sisi tuliokuwa tunaomba kimya.

Mzee Risimati amesema kitu kimoja tu kitamwondoa mlangoni: mkuu wa ukoo wa Ramalepe asimame aseme mume ni nani na ng'ombe wako wapi.

Basi umeshinda. Andika kwamba mume ni mimi. Nkateko amesoma barua hii kabla sijaifunga. Amesema, "Ipeleke. Magoti ni yangu, nitayapiga siku moja yaishe."

Maropene

*

Bolobedu,
3 Agosti 2013

Maropene mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, hata kifua kimetulia.

Umechelewa lakini umefika. Miezi mitano ya maneno ya kitabuni, kumbe ilihitajika sentensi moja. Hao kina Mabunda nawajua, walimlaghai marehemu kaka yangu kwenye mambo ya punda. Nimemtumia Risimati salamu aje hapa kwangu mwezi wa tisa, aje na mtoto na bibi wa mtoto, aone ng'ombe kwa macho yake. Ng'ombe ni wa nyumba ya mama yako, wapo, wananona.

Siku ya sherehe utakaa barazani upande wangu wa kulia. Usivae gauni lile la maua. Ukiletewa chakula usiseme asante, mume hasemi asante, anashika kijiko. Na mwambie mwenzako ajifunze kukaa mkekani, miguu imekunjwa upande mmoja, si kama mtu aliyeanguka kwenye baiskeli.

Pombe nitawaambia waanze kuipika.

Baba yako,
Sewela

*

Tembisa,
25 Agosti 2013

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kifua kimetulia. Barua hii itakichafua tena, nisamehe.

Siku ilipofika barua yako, Nkateko alisoma yale ya mkeka akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ngoja afanye mazoezi. Akaniletea chai kwa mikono miwili, macho chini, akapiga magoti kwenye zulia letu la plastiki. Tukacheka sana, maana hata chai ilikuwa haina sukari. Kesho yake nimetoka kazini nimechoka, akaniletea chai vilevile. Hakucheka. Na mimi nikaipokea, Baba. Nikaipokea nikitazama ukuta. Nilikuwa nimefika nusu kikombe ndipo nikagundua kwamba yeye bado yuko chini.

Ni siku mbili tu! Na ilikuwa mchezo!

Nilimwinua, tukakaa pale chini wote tukalia kama wendawazimu. Tumeamua. Mimi si mume. Nkateko si mke wa kupiga magoti. Ile sentensi niliyokuandikia naifuta. Tutakwenda kwa mwanasheria, na kama mama yake atatulaani, basi atatulaani. Nkateko mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Mtoto tutampa jina wenyewe. Mizimu ikikasirika, uielekeze Tembisa, barabara ya nne, nyumba yenye mlango wa bluu.

Umenilea, nakushukuru. Sitakuandikia tena kuhusu jambo hili.

Maropene

*

Bolobedu,
15 Septemba 2013

Maropene,

Kaa chini usome.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nikatukana mpaka mbwa akatoka nje. Risimati nilishamwita, na Ijumaa saa nne huyo hapo, na koti la suti kwenye jua lile, na mama yake Nkateko nyuma, mtoto mgongoni akilia kama mlivyosema. Wanaume wa baraza nao wamejaa, maana walisikia kuna ng'ombe na pombe. Mimi nimekaa kwenye kiti changu, barua yako mfukoni. Nilikuwa nimeamua kudanganya. Nilikuwa niseme mume ni wewe, halafu mkatae baadaye, shauri yenu.

Risimati hata hakusubiri maji. Akasema, "Nimekuja kwa ng'ombe. Lakini hebu nieleze kwanza, Mama Ramalepe, hawa wasichana wako, nani kati yao ndiye mume?" Halafu akawageukia wanaume akacheka, meno yote nje.

Swali ni langu, Maropene. Nimekuuliza miezi sita. Lakini nililisikia likitoka kwenye ule mdomo, na wenzangu wa barazani wakacheka pamoja naye, watu ambao nimewaamulia kesi zao, nimezika baba zao. Nikamwambia, "Hapa siitwi Mama. Naitwa Mzee." Akasema, "Aa, na wewe ulikuwa mume kweli? Au mlikuwa mnachezea ng'ombe tu?"

Hakuna hata mmoja aliyemnyamazisha. Miaka thelathini na mitano nimekaa na watu hawa, nikitazama ukuta wakati wa kula ili wasinicheke. Kumbe kicheko walikiweka tu, wakisubiri mgeni wa kukifungulia.

Basi nikasimama. Nikasema, "Risimati, fungua masikio. Hakuna mume. Huyu mtoto ana mama wawili, Nkateko wako na Maropene wangu, na mimi ni babu yake. Anayetaka kucheka acheke sasa, kwa sababu nikikaa nitaanza kusema ya kila mmoja hapa, na ninayajua yote tangu mwaka wa sabini na nane." Modume mdogo alijifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Ng'ombe wawili nimempa bibi wa mtoto, mkononi mwake, si mkononi mwa Risimati. Nimesema si mahari, ni shukrani kwa aliyemlea. Risimati akasema yeye ataiita mahari. Nikamwambia aiite hata shemeji, ili mradi aondoke. Ameondoka. Koti alisahau, limebaki, mbuzi amelala juu yake.

Kisha nikamwambia yule bibi anipe mtoto. Ni mzito! Hakuna aliyeniambia watoto ni wazito hivi. Nikaenda naye kaburini na ugoro, nikaanza kutaja majina. Mama yangu: analia. Bibi yangu: analia. Nikataja wote ninaowajua na wengine nikabahatisha, analia tu, akanikojolea mpaka kiunoni. Likabaki jina moja ambalo sijalitaja kwa sauti tangu tulipomzika. Nililitaja, na aliyelia safari hii ni mimi, kwa sauti, kama mjane. Mtoto akanyamaza. Nadhani alikuwa ananishangaa. Lakini amenyamaza, na desturi haiulizi sababu. Anaitwa Mosima.

Uliniuliza kitu mwezi wa nne. Chai haikumwagika. Nilimpenda. Nilimpenda kila siku, na sikuwahi kumwambia kwa sababu nilikuwa nashughulika kuwa mume wake. Sitalirudia hili, kwa hiyo barua hii usiipoteze.

Mtoto yuko hapa na bibi yake yuko hapa, mwanasheria wenu mwambieni apumzike. Njooni Jumamosi wote wawili. Vaa gauni lolote. Na huyo Nkateko ajue kabisa kwamba simwiti mke wa mtu wala mume wa mtu. Ni mwanangu, na akinikosea nitamtukana vilevile ninavyokutukana wewe.

Sewela